Mvumo na Moto wa Sikio

Kimya kamili ni kitu ambacho wanadamu wachache sana wamepata kukijua. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzima katika chumba kilichojengwa ili kuzuia kila sauti ya nje, wakawaomba waeleze walichokisikia humo. Hapakuwa na cha kusikika. Hata hivyo, watu 94 katika kila 100 walisema ya kuwa wamesikia kitu: mvumo, mlio, au uvumi mwembamba usiokatika. Walikuwa wakiibeba sauti hiyo siku zote wala hawakuijua, kwa kuwa kelele za dunia ziliifunika kama mchana ufunikavyo nyota.

Basi mtu mwenye maradhi ya mvumo wa masikio hakupewa kitu ambacho wenziwe hawana hata chembe. Tofauti yake na wao ni kwamba sauti yake imekataa kufunikwa. Humfuata sokoni, humngoja mahali pa ibada, na usiku taa zikizimwa hupanda kitandani pamoja naye. Aghalabu huanza baada ya sikio kupata hasara: uzee, kelele za mashine kwa miaka mingi, mshindo mmoja wa baruti, usaha wa utotoni, au dawa kali. Ndani kabisa ya sikio kimo chumba kilichojipinda kama nyumba ya konokono, na humo zimo chembe hai zenye vinyweleo ambazo kazi yake ni kuigeuza sauti iwe habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Ubongo uliozoea kuletewa habari kutoka huko, ukizikosa, huongeza usikivu wake hata ukaanza kuusikia msukosuko wake wenyewe. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Hawakuwa wakinena juu ya maradhi haya, lakini neno lao lafaa hapa: sikio lililonyimwa chakula hujipikia lenyewe.

Mvumo una adha yake, lakini mvumo hauunguzi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa hana budi kulishika. Sauti hiyo, iwe kali namna gani, haina joto. Walakini wengi wenye mvumo hulalamika, siku moja, kwamba sikio linawaka. Huyu huhisi kama pilipili imepakwa juu ya ngozi. Yule huhisi kaa la moto ndani ya tundu. Mwingine husema maji yachemkayo yanamwagwa nyuma ya kiwambo. Kwa kuwa mvumo ulitangulia, moto huo huhesabiwa kuwa mtoto wake. Mgonjwa hujiambia ya kuwa maradhi yamekomaa, sikio linateketea, na uziwi uko mlangoni. Mara nyingi sivyo. Mvumo na moto ni wageni wawili. Pengine wameingia kwa mlango mmoja; pengine kila mmoja alikuja kwa njia yake, wakakutana ukumbini, wakadhaniwa ndugu. Anayetaka kumsaidia mgonjwa hana budi kuuliza kila mgeni alipitia wapi.

Warumi wa kale walikuwa na jibu jepesi. Pliny, mwandishi wao wa karne ya kwanza, ameeleza ya kuwa watu waliamini mlio wa sikio ni dalili ya kusemwa na watu wasiokuwapo. Itikadi ya namna hiyo haijafa, na katika nchi nyingi mtu ambaye sikio linamwaka huulizwa kwa mzaha ni nani anayemsengenya. Mzaha huo ni mtamu kwa asiyeumwa. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Jibu la kweli limo katika njia za mishipa ya fahamu. Sikio ni kiungo kidogo, kiganja cha mtoto hulifunika; lakini mwilini ni pachache penye wenyewe wengi kama hapo. Mishipa minne itokayo kichwani na miwili itokayo shingoni hugawana ngozi yake, tundu lake na chumba chake cha kati. Mmoja katika hiyo huhudumia pia uso, meno na taya. Wa pili huiendesha misuli ya uso. Wa tatu hutoka kooni na nyuma ya ulimi. Wa nne ni ule mshipa mrefu ushukao mpaka kifuani na tumboni, na tawi lake dogo lililomo tunduni mwa sikio limeitwa kwa jina la Friedrich Arnold, Mjerumani wa karne ya 19. Kwa ajili ya tawi hilo wako watu ambao wakigusa ndani ya sikio hukohoa bila kutaka, na wao wenyewe hushangaa sikio na kikohozi vina udugu gani. Njia nyingi namna hiyo zikikutana mahali pamoja, ubongo hukosea. Gego bovu likipiga ukelele, ubongo huupokea ukelele huo kwa njia ambayo sikio nalo huitumia, ukahukumu ya kuwa sikio ndilo liumwalo. Sikio halipiti kichwa, na mwenye kulitibu sikio peke yake, asitazame kichwa, shingo na koo, hutibu nusu ya mgonjwa.

Lakini si busara kwenda mbali kabla ya kutazama mlangoni. Tundu la sikio lina ngozi nyembamba, na katika sehemu yake ya ndani ngozi hiyo imelala juu ya mfupa, haina mto wa mafuta chini yake. Uvimbe ambao mkononi usingeonekana, humo huwa mateso, kwa sababu hauna nafasi ya kutanukia. Na mwenye mvumo ni adui mkubwa wa ngozi hiyo. Husadiki kwamba mna mdudu, au maji, au nta iliyoganda, na ya kuwa akikitoa kitu hicho sauti itakoma. Huchukua njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, ncha ya ufunguo, au vile vijiti vya pamba viuzwavyo madukani kana kwamba viliumbwa kwa kazi hiyo. Huchokonoa asubuhi, huchokonoa jioni. Nta, ambayo ni mlinzi wala si uchafu, huondolewa au hushindiliwa ndani, ngozi huchubuka, na katika joto na unyevu wa pwani, hasa kwa wapendao kuogelea, vijidudu na ukungu hupata shamba lililokwisha kulimwa. Hapo sikio huwasha kwanza, kisha huwaka. Mgonjwa akiona hivyo hutia mafuta yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu, hata mafuta ya taa. Ndipo moto uliokuwa wa mfano unapokuwa moto wa kweli.

Alama ya maradhi ya mlangoni ni nyepesi. Sikio likivutwa, au kile kinundu kilicho mbele ya tundu kikibonyezwa, maumivu huruka. Vifaa vya kusaidia kusikia na vizibo vya masikio vyaweza kuleta hali iyo hiyo kwa kubana, kwa kufungia jasho ndani, au kwa ngozi kuchukia kitu kilichotumika kuvitengeneza. Dawa ya matone kwa kawaida huyatuliza haya katika siku chache, lakini haitiwi ovyo, kwa maana kiwambo kikiwa kimetoboka yako matone yanayodhuru. Yule mwenye kisukari, hasa akiwa mzee, asingoje siku. Kwake uvimbe wa tundu waweza kupenya hata mfupani, na maumivu makali yamnyimayo usingizi ni sababu ya kwenda hospitali siku iyo hiyo. Kadhalika mtu yeyote ambaye nyuma ya sikio pamevimba na kuwa pekundu hata sikio likasukumwa mbele.

Iko pia habari ya vidonge, ambayo Afrika ya Mashariki inaijua kwa karibu. Kwinini, iliyotolewa katika gome la mti mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, imewaokoa watu wengi katika makucha ya malaria, na wengi waliookolewa hukumbuka jinsi masikio yalivyovuma walipokuwa wakiimeza. Mvumo huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Aspirini ikizidi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mgonjwa amezaye aspirini kutwa nzima ili kuzima moto wa sikio huenda anauchochea mvumo kwa mkono wake mwenyewe. Sindano za streptomaisini, zilizotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu, ni habari ya huzuni zaidi, kwa kuwa hasara yake katika sikio mara nyingi ni ya kudumu.

Mlango uingizao wageni wote wawili kwa pamoja ni mkanda wa jeshi. Kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini mtoto anapopona. Hulala katika mafundo ya mishipa ya fahamu, pengine kwa miaka 50, hata siku nguvu za mwili zikipungua huamka na kutembea juu ya mshipa mmoja. Kikiamkia katika mshipa wa uso, upitao jirani na sikio, huleta hali ambayo tabibu wa Marekani James Ramsay Hunt aliieleza mwaka 1907. Sikio huwaka vikali. Malengelenge hutokea juu yake au tunduni. Kisha upande mmoja wa uso hulegea, jicho likawa halifumbiki na kinywa kikapinda. Mara nyingi mvumo, kizunguzungu na uziwi wa upande ule huja pamoja nayo, kwa kuwa mshipa wa kusikia unapita ubavuni mwa mshipa wa uso. Shida kubwa ni kwamba moto waweza kuyatangulia malengelenge kwa siku kadhaa. Mgonjwa hutazamwa, huambiwa ya kuwa sikio ni safi, na siku ile ni safi kweli. Akirudi nyumbani ameridhika, asirudi tena kuonyesha kilichotokea baadaye, nafasi yake hupita. Dawa za kukizuia kirusi hufaa zaidi zikianza katika saa 72 za kwanza. Siku tatu ni muda mfupi kwa mtu ambaye hospitali iko mbali naye, na ambaye majirani wamekwisha kumwambia ya kuwa kinywa kimepindwa na shetani au upepo mbaya. Kila siku itumikayo kumtafuta mchawi hukatwa katika hizo tatu. Na hata ngozi ikipona, mshipa uliojeruhiwa waweza kuendelea kutuma habari za moto kwa miezi mingi. Hapo dawa za kawaida za maumivu hazina nguvu, na matabibu hutumia zile zitulizazo mishipa ya fahamu yenyewe.

Wengi wenye mvumo na moto, hata hivyo, hawana kidonda wala lengelenge. Hao ndio warudishwao nyumbani kwa maneno mafupi, ya kuwa sikio ni zima, maneno ambayo mgonjwa huyasikia kana kwamba ameitwa mwongo. Achukuliwe kwa mfano mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kusaga unga kwa miaka 30. Mvumo wake ulikuwa wa miaka mingi, na walikwisha kupatana. Moto ulikuja baadaye, katika sikio la kushoto peke yake, nao ulimnyima raha hata akaanza kukwepa mazungumzo ya barazani. Sikio lilitazamwa mara mbili, likasafishwa mara moja, likatiwa matone ya namna tatu. Mwisho alifika mbele ya tabibu mwanamke, kijana wa umri wa binti zake, ambaye hakulitazama sikio kwanza. Alimwamkia, akaketi, akauliza.

"Moto huo, mzee, huzidi saa ngapi?"

"Alfajiri nikiamka, mwanangu. Na nikila mahindi ya kuchoma."

"Na nyumbani wanasemaje juu ya usingizi wako?"

Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama watoto husema kazi sijaiacha. Eti nasaga hata usiku."

Tabibu aliweka vidole mbele ya masikio yake yote mawili, akamwambia afungue kinywa na kukifumba polepole. Upande wa kushoto kiungo cha taya kilialika. Alipoubonyeza msuli wa shavu karibu na kiungo kile, mzee aliruka, maana moto wake ulikuwa pale, ule ule, nje ya sikio. "Sasa uma meno kwa nguvu, mzee wangu, kisha uniambie mvumo unasemaje." Mzee aliuma meno, akanyamaza, akastaajabu. Mvumo ulikuwa umepanda. Kinywani mwake upande wa kulia magego mawili yalikwisha kung'olewa, na kwa muda mrefu upande wa kushoto ulikuwa umefanya kazi ya pande zote mbili, mchana kwa kutafuna na usiku kwa kusaga. Aliagizwa kula vyakula laini kwa majuma machache, kukanda shavu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kulegeza taya kila alipokumbuka, na kutengenezewa kifaa cha kuvaa katika meno wakati wa kulala. Moto ulipungua kidogo kidogo, ukawa wa siku moja moja. Mvumo ulibaki kama ulivyokuwa. Alipoulizwa kama ameridhika, alijibu ya kuwa mvumo ni mpangaji wa zamani, anamjua; aliyetaka ahame ni yule mwingine.

Kiungo cha taya kimekaa mbele ya tundu la sikio, na kitenganishacho ni ukuta mwembamba wa mfupa. Mwaka 1934 tabibu James Costen wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa waliounganisha maumivu ya sikio, mvumo na hitilafu ya taya. Maelezo yake ya namna mambo hayo yanavyotokea yalikataliwa baadaye na wataalamu wa maungo. Lakini alichokiona kwa wagonjwa hakikukataliwa. Sasa inajulikana ya kuwa katika shina la ubongo, kwenye kituo cha kwanza kipokeacho habari za sauti, huingia pia habari za taya na shingo. Ndiyo sababu watu wengi wenye mvumo huweza kuubadili kwa kuuma meno au kugeuza shingo. Kituo kimoja kikipokea barua za nyumba mbili, si ajabu msukosuko wa nyumba moja ukasikika katika nyingine. Shingo haisemwi sana, na hilo ni kosa. Misuli yake ya juu, ikikazwa kutwa na mtu ainamiaye cherehani, daftari au simu, huweza kutuma moto nyuma ya sikio na juu ya ngozi yake kwa ile mishipa miwili ya shingoni, wakati tundu la sikio halina kasoro yoyote.

Kuna watu ambao sikio lao huwa jekundu kweli, likaonekana na kila mtu, likawaka kwa dakika kadhaa au saa kadhaa kisha likapoa kana kwamba hapakuwa na kitu. Tabibu James Lance wa Australia aliieleza hali hiyo katika miaka ya 1990. Kwa baadhi yao inakwenda pamoja na kipandauso, kwa wengine na shingo au taya, na huweza kuamshwa na joto, na mguso, hata na kutafuna. Ni nadra, wala si ya hatari, lakini inafaa ijulikane, kwa sababu picha moja iliyopigwa wakati sikio limewaka humsaidia tabibu kuliko maelezo ya nusu saa.

Jambo la hatari ni jingine, nalo halina wekundu wala kelele. Mtu mzima ambaye sikio moja limemuuma kwa majuma mengi, likatazamwa likaonekana zima, hasa ikiwa anavuta tumbaku au anakunywa pombe kwa wingi, hana budi kutazamwa kooni, nyuma ya ulimi na puani kwa ndani. Saratani ya koo yaweza kujitangaza kwa sikio kabla mgonjwa hajaona shida ya kumeza. Sauti ikikwaruza, au tezi ikivimba shingoni, haifai kungoja. Mvumo katika hali hiyo hudhuru kwa namna ya hila: kwa kuwa mgonjwa ana maradhi ya sikio yanayojulikana, yeye na tabibu wake hupata mahali pepesi pa kuutundika kila uchungu mpya.

Wamebaki wale ambao sauti yenyewe ndiyo huwaunguza. Kishindo cha sufuria, honi ya gari, kilio cha mtoto, na mara sikio huwaka. Pengine si saa ile, bali kesho yake, na moto ukakaa siku nyingi. Ni watu wenye taabu kuliko wote waliotajwa, maana dunia haina mahali pasipo sauti. Hali ya sikio kuvuma na papo hapo kushindwa kuvumilia kishindo si ngeni. Mwaka 1801 Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki, alimwandikia rafiki yake Wegeler, ambaye alikuwa daktari, akamweleza ya kuwa masikio yake yanavuma usiku na mchana, ya kuwa maneno yakisemwa polepole hayapati vizuri, na ya kuwa mtu akipiga kelele hawezi kustahimili. Matabibu wa Vienna walimtia mafuta ya lozi masikioni. Mwingine alimfunga mikononi gome la mti litoalo malengelenge, kwa tumaini kwamba maumivu ya mkono yangevuta maradhi ya sikio. Hayakusaidia. Mizinga ya Wafaransa ilipoupiga mji ule mwaka 1809, alijificha katika chumba cha chini nyumbani kwa ndugu yake, akafunika kichwa kwa mito. Hakulalamika moto wa sikio, wala si haki kumtwika mtu maradhi ambayo hakuyakiri. Lakini mwenye kuumizwa na sauti akimwona chini ya mito ile humtambua.

Wataalamu wana maelezo mawili juu ya moto wa namna hiyo, na huenda yote mawili ni kweli kwa watu mbalimbali. Nyuma ya kiwambo imo mifupa mitatu midogo iitwayo nyundo, fuawe na kikuku, na nyundo imeshikwa na msuli mdogo unaokikaza kiwambo. Msuli huo huamriwa na tawi la mshipa ule ule wa taya. Mtu akiishi kwa hofu ya sauti, msuli hukazwa pasipo sababu, ukatetemeka, ukachoka. Hapo huja hisia ya sikio kujaa, kupapatika kama bawa la nondo, ganzi kando ya sikio, na moto. Hayo yameonekana kwa wafanyakazi wa simu waliopigwa ghafula na mlio mkali katika vifaa vya masikioni. Kusema ya kuwa hofu imo katika jambo hili si kusema ya kuwa maumivu ni ya kubuni. Mtu aliyebeba gunia kwa hofu ya simba huumwa mgongo kama aliyelibeba kwa ujira.

Maelezo ya pili ni mapya zaidi. Katika nyuzi zitokazo ndani ya kile chumba cha konokono kwenda kwenye ubongo, karibu zote huchukua habari za kusikia. Zimebaki kama 5 katika kila 100, nyembamba mno, ambazo kwa miaka mingi kazi yake haikufahamika, kwa kuwa sauti za kawaida hazikuzishtua. Mwaka 1985 wala 1995 hapakuwa na jibu. Mwaka 2015 vikundi viwili vya watafiti wa Marekani, wakichunguza panya, walionyesha ya kuwa nyuzi hizo huamka chembe zenye vinyweleo zinapojeruhiwa. Kama ni hivyo kwa mwanadamu, basi sehemu ya ndani kabisa ya sikio ina njia yake yenyewe ya maumivu, na mgonjwa asemaye ya kuwa sauti inamuunguza kwa ndani anasema neno lenye mahali pa kusimama. Kwa mwanadamu hii bado ni dhana.

Mgonjwa wa namna hii, bila kuambiwa na mtu, huchukua pamba na kuziba masikio kutwa kucha. Inaeleweka, lakini ina hatari. Ubongo uliofungiwa mlango huongeza usikivu wake, na sauti iliyovumilika jana huwa kishindo leo. Mvumo nao hupanda, kwa kuwa hakuna cha kuufunika. Tena pamba hufungia jasho, na yale maradhi ya mlangoni hurudi. Kuacha masikio wazi mbele ya mashine, baruti au vipaza sauti vya harusi nako ni kuongeza jeraha. Vizibo huvaliwa penye makelele ya kweli, na huvuliwa penye amani. Kwa hawa hapana kidonge kilichothibitika. Kuna kupanda polepole: feni chumbani, mvua juu ya bati, redio kwa sauti ya chini kwa dakika chache, kisha mazungumzo ya mtu mmoja, kisha ya wawili. Siku mbaya ikija, mgonjwa hushuka ngazi moja, hupumzika siku mbili tatu, na huanza tena na feni.